Barua ya Mchungaji Si Tiketi ya Shule

Kila mwaka, watoto wa darasa la saba wakianza kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani wa mwezi wa tisa, ofisi yangu hupata wageni ambao misimu mingine siwaoni. Wanabisha kwa adabu, wanaketi ukingoni mwa kiti, wanauliza habari za mama mchungaji na watoto, kisha inatolewa bahasha ya kaki. Ndani yake mna fomu ya kuomba kujiunga na kidato cha kwanza katika shule fulani inayosifika, mara nyingi shule ya kanisa, na ukurasa wa mwisho wa fomu una nafasi yangu: maoni ya mchungaji juu ya imani na mwenendo wa mwombaji, sahihi, muhuri wa usharika. Mzazi ananionyesha kwa kidole mahali pa kuandika. Mmoja alikwisha kuniandikia kwa penseli kile alichopenda kisomeke, ili mimi nipitishe kalamu ya wino juu yake.

Nikiwaona humkumbuka mama wa wana wa Zebedayo. Mathayo sura ya 20 inamleta mbele ya Yesu akiwa na wanawe wawili, anapiga magoti, na anaomba viti: mmoja mkono wa kuume, mmoja mkono wa kushoto. Naye alikuwa na fomu yake. Yesu hakumfukuza. Aliwageukia wana wenyewe akawauliza juu ya kikombe. Mama anataka viti, Bwana anauliza kikombe, na wale kumi waliobaki wanakasirika. Mimi siku zote nimeshuku kwamba hasira yao haikuwa ya haki sana. Ilikuwa ya watu ambao mama zao walichelewa kufika.

Niseme mapema kwamba makala hii ni ya ugomvi. Nagombana na mimi mwenyewe kwanza, kisha na shule zetu, kisha na wewe mzazi, ingawa najua utasema nimekuanza wewe. Ninachogombea ni hiki: kanisa limekubali kuwa dirisha la kukatia tiketi. Tumechukua ubatizo, kipaimara na neno la mchungaji tukavifanya nyaraka za maombi ya shule, na watoto wetu, ambao ni werevu kuliko tunavyodhani, wameelewa vizuri kabisa tunawafundisha nini.

Kwa wale ambao watoto wao bado wadogo, nieleze mambo yanavyokwenda. Serikali ina shule zake za sekondari za wanafunzi wenye vipaji maalumu, na wazazi huyataja majina yake kwa heshima: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Kwenda huko hakuna fomu ya mzazi. Mtoto anafanya mtihani wa Baraza la Mitihani, masomo sita yenye jumla ya alama 300, waliopata alama za juu kabisa wanapangwa, jina linatoka au halitoki. Hakuna mlango wa kubisha. Basi mzazi ambaye hawezi kubisha kule anabisha huku, kwenye shule za binafsi na za madhehebu, ambako mlango upo na una utaratibu. Fomu inalipiwa. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, ripoti za darasa la tano na la sita, picha ndogo, barua ya mchungaji. Halafu mtihani wa mchujo, Hisabati na Kiingereza, siku ya Jumamosi. Mzazi mwenye uwezo hachagui shule moja. Anachukua fomu tatu au nne, na kwa Jumamosi tatu au nne mtoto wa miaka kumi na miwili anasafirishwa kutoka wilaya hii hadi ile, anafanya mchujo, anarudi usiku amelala kwenye kiti cha basi.

Na kabla ya mchujo kuna matayarisho ya mchujo. Twisheni ya jioni, twisheni ya alfajiri, karatasi za michujo ya miaka iliyopita zinazotolewa kopi na kuuzwa stesheni kama karanga. Nimezipitia baadhi. Zina maswali ambayo hayamo katika muhtasari wa darasa la saba, na mwalimu mmoja wa twisheni aliniambia bila haya kwamba hiyo ndiyo maana yake: yawepo ili asiyelipia twisheni asiyaweze. Mtihani wa namna hiyo unaitwa wa kutafuta vipaji. Mimi naona unapima mfuko wa baba.

Sasa niungame. Miaka michache iliyopita darasa langu la kipaimara lilikuwa na kijana ambaye baba yake ni mtu mwenye nafasi katika usharika. Kijana mzuri, mpole, lakini Jumamosi zake zilikuwa za twisheni, na sisi tulimwona labda mara sita kwa mwaka. Baba alikuja na bahasha. Niliandika kwamba kijana huyu ni mwaminifu, mcha Mungu, mhudhuriaji mzuri wa ibada na mwenye karama ya uongozi. Karama ya uongozi! Sijawahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo. Nilipiga muhuri, tukaomba pamoja, akaniachia kitu kidogo cha mafuta ya pikipiki. Nilikipokea.

Katika darasa hilohilo alikuwapo binti wa mama anayeuza mboga karibu na kituo cha daladala. Binti huyu hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa amehifadhi Amri Kumi pamoja na maelezo yake yote katika Katekismo Ndogo, jambo ambalo wazee wengi wa kanisa, nasema kwa upendo, hawaliwezi. Siku moja aliniuliza kwa nini Bwana alitufundisha kuomba mkate wa leo na si wa mwezi mzima, kwa kuwa mama yake akinunua unga wa mwezi mzima unakuwa rahisi zaidi. Nilimjibu jibu la chuoni. Alinitazama kwa huruma. Nimesoma theolojia miaka mitano na sijaulizwa swali zuri kuliko hilo na mtu mwenye shahada.

Mama yake hakuja ofisini. Hakujua kwamba kuna cha kujia. Na hapa ndipo napata shida kulala: barua ya shule moja iliyotangaza nafasi chache za ufadhili kwa watoto wa familia zisizo na uwezo ilikuja ofisini kwangu mwezi wa sita. Ililala mezani chini ya karatasi za harambee ya paa. Nilipoipata, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita kwa wiki mbili. Binti alipangiwa shule ya kata, na yule kijana alikwenda na barua yangu. Hakuna aliyefanya hila, isipokuwa kama kunyamaza na kuandika uongo wa heshima ni hila. Nadhani ni hila.

Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese kutafuta mfalme, baba huyo alimpangia wana saba mbele yake, mmoja baada ya mwingine, na wote hawakuwa wenyewe. Wa nane hakuwa hata amefanyiwa fomu. Alikuwa na kondoo. Tunaposimulia habari hiyo katika shule ya Jumapili tunakazia kwamba Mungu haangalii sura. Ni kweli. Lakini tazama pia kwamba nabii wa Bwana angeondoka bila Daudi kama asingeuliza swali moja zaidi: wako wengine? Kazi ya mchungaji katika jambo hili ni swali hilo, na mimi sikuliuliza. Nilikubali orodha ya Yese kama ilivyoletwa.

Najua jibu la wazazi, maana wananipa usoni. Mchungaji, wanasema, unataka tuzike talanta ardhini? Mathayo 25 umeisahau? Mtoto amepewa akili na Mungu, na siku ya mwisho nitaulizwa nimeifanyia nini.

Mathayo 25 sijaisahau, ila naomba tuisome polepole. Sisi tumezoea kusema talanta tukimaanisha kipaji cha kuimba au cha hesabu. Katika mfano ule talanta ni fedha, na ni fedha nyingi mno: talanta moja ilikuwa sawa na dinari kama 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja. Hesabu mwenyewe, hiyo ni karibu mishahara ya miaka ishirini. Kwa hiyo yule mtumwa aliyepewa moja, ambaye sisi humhubiri kana kwamba alipewa makombo, alipewa utajiri. Katika nyumba ya bwana yule hakuna aliyepewa kidogo. Mtanijibu kwamba imeandikwa aligawa kwa kadiri ya uwezo wa kila mmoja, kwa hiyo mchujo ulikuwapo. Uwezo ulikuwapo, ndiyo. Lakini bwana aliujua kwa kuishi na watu wake. Hakuwaweka bwaloni Jumamosi moja kwa saa mbili. Na aliporudi, wa tano na wa mbili walisifiwa kwa maneno yaleyale, neno kwa neno. Nitajieni mzazi anayempongeza mtoto wa wastani wa hamsini kwa maneno yaleyale anayompa yule wa tisini na tano. Nami simo katika hao, nitawaambia baadaye.

Tena fikirini nani alizika. Mtumwa wa tatu alizika kwa sababu ya hofu. Alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu. Ninapomwona mzazi amemwamsha mtoto saa kumi alfajiri, macho mekundu, kikombe cha chai mkononi na karatasi ya mchujo wa mwaka juzi mbele yake, sioni mtu anayefanya biashara na talanta. Naona hofu. Mtoto yule anafundishwa kwamba Mungu, na baba, na dunia nzima ni watu wagumu wanaovuna wasipopanda, na kwamba thamani yake itajulikana orodha ikitoka.

Sisi ni Walutheri, na tunao wetu wa kumsikiliza katika jambo hili, ambaye kwa bahati mbaya hatupi raha upande wowote. Martin Luther alikumbuka akiwa mtu mzima kwamba shuleni alichapwa mara kumi na tano asubuhi moja, kwa jambo la sarufi ambalo hakuna aliyekuwa amemfundisha. Maswali ya nje ya muhtasari si uvumbuzi wetu. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule kwa fedha za mji, kwa wavulana na wasichana. Alisema watoto wengi wahudhurie saa moja au mbili kwa siku, wabaki na muda wa kujifunza kazi nyumbani. Halafu akasema, na hapa wazazi wenye bahasha watafurahi, kwamba wale walio bora zaidi miongoni mwao wabakizwe shuleni kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo Luther aliamini kwamba wako watoto wenye kipaji cha pekee na kwamba wanahitaji shule ya pekee. Mimi pia naamini. Sitaki mtu atoke kwenye makala hii akisema mchungaji anapinga shule za vipaji. Lakini someni sababu yake. Watoto hao wabakizwe ili mji upate walimu wanaume na wanawake, na kanisa lipate wahubiri. Gharama ilikuwa ya mji, kwa sababu faida ilikuwa ya mji. Miaka sita baadaye, katika mahubiri marefu aliyoyaandika juu ya kuwapeleka watoto shule, aliwasihi wazazi wasimdharau kijana maskini anayeomba mkate mlangoni huku akisoma, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Shuleni Eisenach aliimba milangoni mwa watu apate chakula. Kipaji kwa Luther ni mali ya jirani iliyohifadhiwa ndani ya mtoto wako. Kwetu kimekuwa mali ya ukoo.

Dalili yake kubwa ni sadaka ya shukrani. Majina yakitangazwa, Jumapili inayofuata kuna foleni. Familia inakuja mbele, baba kwa suti, mama kwa kitenge kipya, mtoto katikati, na mzee wa kanisa anasoma: familia hii inamshukuru Mungu kwa kumwezesha binti yao kuchaguliwa shule fulani. Vigelegele. Kwaya inatoa wimbo. Sina neno na shukrani, mtu ashukuru. Ila nimehudumu katika sharika tatu na sijawahi kusoma tangazo la familia inayomshukuru Mungu kwa kuwa mtoto wao amepangiwa shule ya kata. Hata moja. Na watoto wa shule ya kata wamo ibadani, kwenye benchi la nyuma, wanahesabu. Tunawaambia kwa kinywa chetu kwamba tunahesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, si kwa matendo, halafu madhabahuni tunawaonyesha orodha ya waliofaulu. Mtoto ataamini kipi?

Jambo la pili ni Jumamosi. Kipaimara ni Jumamosi. Mchujo ni Jumamosi na twisheni ni Jumamosi. Nimeombwa nihamishie kipaimara Jumapili baada ya ibada, nimeombwa nikifupishe, nimeombwa, na mtu aliyesoma kuliko mimi, niwape watoto wa darasa la saba maswali kwenye karatasi wayajibu nyumbani. Katekismo Ndogo ilichapwa mwaka 1529 baada ya Luther kuzunguka sharika za Saksonia na kukuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, na akaandika juu ya kila sehemu kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Mwenye nyumba ni wewe, si mwalimu wa twisheni. Wazazi wa usharika huu wanajua kanuni ya eneo la duara kwa kichwa, kwa sababu wameirudia na watoto wao mwezi mzima. Sina haja ya kuwauliza maelezo ya Imani, Fungu la Pili.

Lakini hofu ya mzazi si ya kuchekwa, na mhubiri anayeicheka ana mtoto wake mahali pazuri. Shule nyingi za kata zilijengwa kwa haraka, kuanzia mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004, kwa jasho la wananchi, na zilifungua mlango kwa mamia ya maelfu ambao bila hizo wangeishia darasa la saba. Tangu 2016 hazina ada. Hayo ni mema makubwa, nami naheshimu. Pia zipo zenye mwalimu mmoja wa Hisabati kwa vidato vyote, na watoto wanaotembea saa moja na nusu kufika. Mzazi anayeona hayo na kutafuta njia nyingine hatendi dhambi. Kosa linaanza pale anapotafuta njia ya mtoto wake peke yake na kuliita jambo hilo imani, na pale kanisa linapomkatia tiketi bila kuuliza ni nani aliyebaki kituoni.

Na shule zetu je? Tulizianzisha tukisema ni sehemu ya utume. Baadhi bado ni hivyo, nawajua wakuu wa shule wanaolia usiku kwa ajili ya watoto wasio na ada. Lakini tumeambukizwa. Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora mwaka 2023, nilidhani wenye shule tutashukuru kwa kupunguziwa mzigo. Badala yake tukaanza kujitengenezea mabango wenyewe. Shule ya kanisa inayochuja watoto walio hodari tayari, kisha wale wanaotetereka kidato cha pili ikawarudisha darasa au ikawaambia wazazi wao wawatafutie shule nyingine, halafu ikaning'iniza bango la asilimia mia moja getini, imefundisha nini? Ni hospitali inayopokea wazima tu na kujisifu kwamba haina vifo. Na shule hiyo ndiyo inayoniomba mimi nithibitishe kwamba mwombaji ana imani.

Niliahidi kusema juu yangu. Mwanangu wa kwanza alifanya mchujo wa shule moja ya kanisa. Ndiyo, nilimpeleka. Nilisimama nje ya bwalo na wazazi wengine chini ya mti, tukizungumza habari za mvua, kila mmoja akimkadiria mtoto wa mwenzake. Watoto walikuwa wengi mara nyingi kuliko viti. Nilikuwa nimevaa kola. Ningeweza kuiacha nyumbani. Niliivaa kwa makusudi, na Mungu anajua kwa nini. Hakuchaguliwa. Ujumbe ulikuja kwa simu siku ya Alhamisi, na jioni ile nilimwambia maneno ambayo sitayaandika katika kitabu cha kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Jumamosi bado anaruhusiwa kwenda kipaimara. Aliuliza kama mtu anayeuliza iwapo bado ni wa nyumba hii.

Mimi ndiye niliyembatiza. Nilimshika kwa mikono hii nikataja jina lake pamoja na jina la Mungu wa Utatu, akiwa hajui kusoma, hajui kuhesabu, hajafaulu kitu chochote duniani. Ile ndiyo orodha pekee ambayo kanisa lina mamlaka ya kuitangaza, na miaka kumi na mitatu baadaye mtoto wa mchungaji hakuwa na hakika kama bado imo.

Basi katika usharika wetu tumebadili mambo machache, na Baraza la Wazee lilikubali baada ya vikao viwili vya moto. Barua ya kwanza ya shule yoyote yenye nafasi za ufadhili inasomwa katika matangazo siku ileile inapofika, na mwinjilisti wa kila mtaa anapewa kazi ya kutaja, kwa jina, watoto ambao wazazi wao hawatakuja ofisini. Tunao mfuko mdogo wa kulipia fomu na nauli za watoto hao. Ni mdogo kweli, mwaka jana ulitosha wawili. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kwanza wote wanaoanza kidato cha kwanza wanaitwa mbele pamoja, wa vipaji maalumu na wa kata na wa ufundi na yule anayerudia, na anayeanza kujifunza kushona naye anaitwa, na wanawekewa mikono bila kutaja shule. Familia mbili zilikwenda kutoa shukrani yao usharika mwingine. Kipaimara kimebaki Jumamosi.

Na barua naandika bado, maana nikikataa kabisa nawaadhibu watoto. Lakini naandika ninachokijua, basi. Yule binti wa mboga yuko kidato cha tatu sasa. Kwa nafasi za kidato cha tano nitamwandikia barua ndefu, na sitahitaji kuongeza chumvi.

Wiki iliyopita alikuja baba mmoja na bahasha yake. Nilifungua daftari la kipaimara mbele yake, nikahesabu naye, nikaandika: mtoto huyu alibatizwa katika usharika huu, anapendwa hapa, amehudhuria mafundisho mara tisa kati ya thelathini na moja, na siku alizokuja aliuliza maswali mazuri. Nikapiga muhuri. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akairudia kusoma. Akaniuliza kama usharika wa jirani nao una utaratibu huu. Nilimwambia sijui. Akaikunja barua, akaitia katika bahasha, akaondoka nayo.